Kuzima Taa si Kuondoa Hitilafu: Istilahi za Kidhibiti Mtelezo cha Magari

1. Utangulizi

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kuunda istilahi ni kutafuta neno moja la Kiswahili kwa kila neno moja la kigeni, na kwamba orodha ikijaa pande zote mbili kazi imekwisha. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi, na kwamba mahali pengine ina hatari. Mfano tuliouchagua ni mdogo kwa umbo: ni taa ya manjano katika dashibodi ya gari, ambayo huwaka pale mfumo unaozuia magurudumu yasiteleze unapopata hitilafu.

Tumeuchukua mfano huu kutoka Sumbawanga kwa sababu maalumu. Mji huo umekaa juu ya uwanda wa Ufipa, mahali penye mwinuko wa mita 1,700 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Upande wa mashariki, uwanda huo hukatika ghafla katika ukingo wa Lyamba lya Mfipa na kuteremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, ambalo liko kwenye mwinuko wa takriban mita 800. Upande wa magharibi, nchi huteremka tena kuelekea Ziwa Tanganyika, kwenye bandari za Kasanga na Kipili. Barabara kuu ya kutoka Tunduma kupitia Laela ina lami, lakini mtumishi wa afya, mwalimu au bwana shamba anayetoka Ntendo kwenda Muze, bondeni, hana budi kuushuka ukingo huo wenye kona kali. Na mvua zianzapo, kuanzia Novemba hadi Aprili, matope ya huko hayana mzaha. Kwa mtu huyo, maana ya taa ya manjano si mjadala wa wanaisimu. Ni jambo la kuamua kama gari liondoke au lisiondoke.

2. Chombo chenyewe na kazi yake

Haifai kukipa kitu jina kabla ya kukifahamu. Kwa hiyo yafaa tueleze kwanza namna mfumo huu unavyofanya kazi.

Karibu na kila gurudumu la gari la kisasa huwekwa kifaa kidogo kinachohesabu mizunguko ya gurudumu hilo. Katika magari mengi kifaa hicho hukaa mbele ya pete ya chuma yenye meno. Kila jino lipitapo, kifaa hupeleka alama ya umeme kwenye kompyuta ya gari. Kompyuta hulinganisha taarifa za magurudumu yote manne. Dereva akikanyaga mafuta, kisha gurudumu moja linalosukumwa na injini likazunguka kwa kasi kuliko wenzake, kompyuta hutambua kwamba gurudumu hilo halishiki tena ardhi bali linazunguka bure. Hapo hufanya moja ya mambo mawili au yote kwa pamoja: hupunguza nguvu ya injini, na hulifunga breki kidogo gurudumu linaloteleza ili nguvu iende kwenye gurudumu linaloshika.

Mfumo huu una ndugu zake. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutoa breki zinazozuia magurudumu yasigande mwaka 1978. Mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze wakati wa kuondoka ukafuata mwaka 1986. Na ule wa kuzuia gari zima lisipoteze mwelekeo kwenye kona ukatokea mwaka 1995. Mifumo yote mitatu hutumia vifaa vilevile vya kuhesabu mizunguko. Msomaji aliweke jambo hili akilini, kwa maana ndilo kiini cha hoja yetu: kifaa kimoja kikifa, kwa kawaida hazipotei huduma za mfumo mmoja tu. Dereva anayedhani kwamba amepoteza msaada wa kupandia mlima huenda amepoteza pia msaada wa kushikia breki wakati wa kuteremka.

3. Jina la mfumo

Tafsiri tunazokutana nazo katika vitabu vya maelezo na katika maandishi ya maofisini ni za namna mbalimbali. Tumezipima nne.

Ya kwanza ni udhibiti mvuto. Tafsiri hii imefuata neno la kigeni kwa umbo lake, lakini imepotea njia. Mwanafunzi wa shule ya sekondari anajua kwamba mvuto ni nguvu ya dunia inayoangusha embe kutoka mtini. Hakuna gari linalodhibiti nguvu hiyo.

Ya pili ni udhibiti msuguano. Hii iko karibu zaidi, kwa sababu ni kweli kwamba gurudumu hushika ardhi kwa msuguano. Hata hivyo, msuguano kati ya mpira na tope hautawaliwi na kompyuta. Hutegemea tairi na ardhi. Kinachotawaliwa ni mzunguko wa gurudumu.

Ya tatu ni udhibiti mshiko. Kwa maana yake ya asili neno hili ni zuri. Lakini katika lugha ya mitaani mshiko ni fedha, na istilahi inayowachekesha wanafunzi darasani haidumu.

Ya nne ni kidhibiti utelezi. Hapa mfasiri amefanya jambo la busara: ameacha kufasiri neno na kufasiri kazi. Pamoja na hayo, utelezi ni sifa ya barabara. Tunasema, 'Leo njia ya Muze ina utelezi,' wala hatusemi kwamba gurudumu lina utelezi. Chombo hiki hakiondoi utelezi wa njia. Hukomesha tendo la gurudumu kuteleza. Tendo hilo Kiswahili kinaweza kuliita mtelezo. Kwa hiyo tunapendekeza kidhibiti mtelezo, na pale panapohitajika ufafanuzi zaidi, kidhibiti mtelezo wa magurudumu. Jina hili lina faida nyingine: halimdanganyi dereva. Anayeambiwa kwamba gari lake lina kidhibiti utelezi aweza kuamini kwamba barabara haitakuwa na utelezi tena kwake. Anayeambiwa kwamba lina kidhibiti mtelezo anajua kwamba utelezi upo palepale.

4. Maneno ya gereji

Haitakuwa haki kuunda istilahi za magari bila kuwasikiliza mafundi. Lugha yetu inawiwa nao mengi. Breki, gia, klachi, spana na jeki yaliingia kwa mikono yao, yakakubalika, na leo hakuna anayeyaona kuwa mageni. Wenzao wa zamani walilichukua neno usukani kutoka kwenye chombo cha baharini wakalitia katika gari, nalo limekaa vizuri mpaka mtoto wa Sumbawanga ambaye hajaiona bahari hulitumia bila kufikiri.

Lakini si kila neno la gereji linafaa kusanifiwa. Kifaa cha kuhesabu mizunguko mafundi hukiita sensa. Tatizo ni kwamba nafasi hiyo imekwisha kuchukuliwa. Sensa ni hesabu ya watu, kama ile ya mwaka 2022. Mtumishi wa halmashauri akiletewa dai lililoandikwa 'malipo ya sensa ya gari la idara', ana haki ya kuuliza ni watu wangapi waliohesabiwa ndani yake. Kiswahili tayari kina neno kihisi, lililoundwa kwa njia ya kawaida ya kuunda majina ya vyombo kutokana na vitenzi. Kwa hiyo tunasema kihisi-mzunguko cha gurudumu, na kila gurudumu lina chake.

Neno jingine ni kodi. Kompyuta ya gari ikitambua hitilafu huiandika katika kumbukumbu yake kwa alama maalumu yenye herufi moja ikifuatwa na tarakimu. Mafundi huiita kodi, na kuiondoa ni kufuta kodi. Hatuna haja ya kueleza furaha ambayo mwananchi angeipata kusikia kwamba kodi zake zote zimefutwa kwa shilingi chache katika gereji. Istilahi ya msimbo imezoeleka katika mambo ya kompyuta na posta. Nayo itumike hapa pia: msimbo wa hitilafu, misimbo ya hitilafu.

5. Taa na hali zake

Shirika la Kimataifa la Viwango limeweka, katika waraka wake namba 2575, alama za taa za dashibodi pamoja na maana ya rangi zake. Nyekundu ni hatari. Manjano ni kwamba kuna jambo lisilo sawa, au kwamba pana haja ya kuangalia. Kijani ni kwamba kifaa fulani kinafanya kazi kama kawaida. Kiswahili kina maneno ya kutosha ya kuzitenga daraja hizo, ila wafasiri wengi huzitia zote katika chungu kimoja na kuziita taa za onyo. Tunapendekeza taa nyekundu iitwe taa ya hatari, ya manjano iitwe taa ya tahadhari, na ya kijani taa ya taarifa. Taa ya kidhibiti mtelezo, ambayo katika magari mengi huwa na picha ya gari lenye mistari miwili ya kupindapinda nyuma yake, ni ya manjano. Ni taa ya tahadhari.

Taa hiyo ina hali nne, na kila hali ina habari yake.

(a) Huwaka mara swichi inapofunguliwa, kisha ikazimika baada ya nukta chache. Huo ni ukaguzi wa mfumo wenyewe. Taa isiyowaka kabisa wakati huo ni ya kutiliwa shaka; huenda imekufa, au kuna mtu aliyeiondoa au kuiziba.

(b) Hupepesa wakati gari linakwenda. Maana yake ni kwamba gurudumu limeteleza na mfumo uko kazini. Hii si hitilafu. Dereva apunguze mwendo. Tumechagua kitenzi kupepesa kwa kuwa taa hiyo hufanya kama jicho, na kwa kuwa kusema 'inawaka na kuzima' humfanya msomaji afikiri kwamba kuna waya uliolegea.

(c) Huwaka mfululizo kwa sababu dereva amebonyeza kitufe cha kuusimamisha mfumo. Hii pia si hitilafu. Katika tope zito au mchanga, kupunguzwa kwa nguvu ya injini huweza kulizuia gari lisijinasue. Ndiyo maana watengenezaji wameweka kitufe hicho. Likiisha kunasuliwa, mfumo hurudishwa.

(d) Huwaka mfululizo bila mtu kubonyeza chochote. Hii ndiyo hitilafu.

Mfasiri anayeandika kwa jumla kwamba 'taa ikiwaka, mpeleke fundi gari' amezichanganya hali nne kuwa moja. Dereva atakwenda kwa fundi mara mbili kwa sababu ya taa inayopepesa. Ataambiwa kwamba gari ni zima. Na mara ya tatu, taa itakapowaka mfululizo, hatakwenda.

6. Kutambua hitilafu

Baadhi ya waandishi hulitumia neno uaguzi kwa kazi ya kutafuta chanzo cha hitilafu. Kuagua ni neno la heshima katika uwanja wake. Lakini kwa gari, na hasa kwa gari lililoko Sumbawanga, mji ambao jina lake husimuliwa kuwa kwa Kifipa ni agizo la kuutupa uchawi, tungependa kuepuka neno linalotia dhana ya ramli. Fundi hapaswi kubashiri. Tunapendekeza utambuzi wa hitilafu, wenye hatua ambazo kila moja ina kitenzi chake: kukagua, kusoma, kupima, na kuthibitisha.

Kukagua ni kwa macho na mikono. Je, matairi yote yana ukubwa mmoja na upepo wa kutosha? Gurudumu dogo huzunguka mara nyingi kuliko kubwa, na kompyuta huweza kudhani kwamba linateleza. Je, kihisi kimefunikwa na tope? Waya wake umekatwa na jiwe? Pete ya meno imepasuka? Betri ina nguvu? Mafuta ya breki yamepungua? Sehemu kubwa ya kazi yaweza kuishia hapa, bila chombo chochote zaidi ya tochi na kitambaa.

Kusoma ni kuchomeka kisoma-misimbo. Marekani iliwalazimisha watengenezaji, kwa magari madogo ya kuanzia mwaka 1996, watumie plagi ya aina moja kwa ajili hiyo, na nchi nyingine zikafuata. Herufi ya kwanza ya msimbo huonyesha eneo: P ni injini na gia, B ni bodi, C ni chasisi pamoja na breki, U ni mawasiliano baina ya kompyuta za gari. Mathalani, msimbo C0035 katika orodha ya jumla huhusu kihisi-mzunguko cha gurudumu la mbele kushoto.

Hapa wafasiri na mafundi wote wawe waangalifu. Msimbo hausemi kwamba kihisi kimekufa. Husema kwamba taarifa za kutoka upande huo si sahihi au hazifiki. Chanzo chaweza kuwa kihisi, waya, plagi au pete ya meno. Kuandika 'msimbo unaonyesha kihisi kibovu' ni kumpa shahidi cheo cha hakimu. Tuandike kwamba msimbo unaelekeza. Kinachohukumu ni kupima: kupima waya kwa mita, kulinganisha kihisi hiki na cha gurudumu la pili, kutazama tarakimu za mwendo wa kila gurudumu gari likitembea polepole.

Kuthibitisha huja baada ya matengenezo. Tutalieleza katika sehemu inayofuata, kwa kuwa limefungamana na neno lenye matata kuliko yote.

7. Neno moja, matendo matatu

Katika gereji husikika neno kuriseti. Vitabu vya maelezo vilivyofasiriwa huandika kuweka upya. Maneno yote mawili yametokana na neno moja la kigeni, na yote mawili yana kasoro ileile: yanafunika matendo matatu ambayo hayana undugu.

Tendo la kwanza ni kurudisha mfumo uliosimamishwa kwa kitufe. Dereva hubonyeza kitufe tena, au huzima injini na kuiwasha. Hakuna fundi anayehitajika, na taa huzimika.

Tendo la pili ni kufuta misimbo iliyoandikwa katika kumbukumbu ya kompyuta. Kufuta hakutengenezi kitu. Ni sawa na kulipangusa ubao darasani: hesabu iliyokosewa haiwi sahihi kwa kuwa imefutwa. Kufuta kuna maana pale tu ambapo hitilafu imekwisha kuondolewa. Hapo hutusaidia kuthibitisha, kwani tukiendesha gari na msimbo usirudi, tunajua kwamba tumepata chanzo.

Tendo la tatu ni kuifundisha kompyuta upya mahali pa kuanzia. Baadhi ya vihisi, kama vile cha pembe ya usukani na cha kuyumba kwa gari, lazima vijue ni lipi ndilo 'sawa'. Betri ikichomolewa, au usukani ukitengenezwa, katika baadhi ya magari kumbukumbu hiyo hupotea. Muuza maharage sokoni hafanyi tofauti na hivyo: kabla ya kupima huhakikisha kwamba mizani tupu imesimama kwenye sifuri. Ndiyo maana tunaliita tendo hili kusawazisha sifuri. Kila aina ya gari ina utaratibu wake, na lazima gari lisimame mahali tambarare, magurudumu yakitazama mbele.

Sasa tuitazame sentensi hii, ambayo tumeiunda kwa mfano wa nyingi tunazoziona: 'Ikiwa taa haizimiki, weka upya mfumo.' Dereva akiisoma atabonyeza kitufe. Fundi wa umeme ataichomoa betri. Mwenye kisoma-misimbo atafuta misimbo. Wote watatu wamelitii agizo, wala hakuna aliyeondoa hitilafu. Fundi aliyechomoa betri huenda hata ameongeza nyingine: katika magari mengi kompyuta ya breki huitunza misimbo bila umeme, hivyo msimbo wa zamani umebaki, na sifuri iliyokuwapo imepotea.

Aliyefuta misimbo ndiye wa kuogopewa zaidi, kwa sababu kazi yake inaonekana kufanikiwa. Taa imezimika. Katika baadhi ya magari haitawaka tena mpaka gari lifikie mwendo fulani. Mtumishi hulipokea gari lake Sumbawanga mjini likiwa halina taa, akapakia chanjo au mitihani, akaondoka. Huenda taa itawaka tena akiwa amekwisha kuanza kuushuka ukingo, katika mvua, na hapo breki zake hazina tena msaada wa kuzuia magurudumu yasigande. Breki za kawaida bado zipo, na dereva mzoefu aweza kufika salama. Lakini hakuondoka akijua. Na kama taa nyekundu ya breki itaungana na ile ya manjano, hapo si suala la tahadhari tena, ni kusimama.

Sentensi yetu ya mfano ingepaswa kuwa tatu: 'Ikiwa taa inawaka baada ya kitufe kubonyezwa, bonyeza tena ili kurudisha mfumo.' 'Ikiwa inawaka bila kitufe kubonyezwa, tambua na uondoe hitilafu, kisha futa misimbo na uliendeshe gari kwa kuthibitisha.' 'Ikiwa betri ilichomolewa au usukani ulitengenezwa, sawazisha sifuri kwa utaratibu wa aina hiyo ya gari.' Ni ndefu, nasi hatuombi radhi kwa urefu huo.

8. Funzo la wafua chuma wa Ufipa

Haidhaniwi kwamba kuyatenga matendo kwa majina ni anasa ya vitabuni. Ufipa yenyewe ina ushahidi. Hadi miongo ya mwanzo ya karne ya 20, Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika matanuri marefu ya udongo, ambayo mabaki yake yangali yakionekana uwandani. Tanuri hilo kubwa liliitwa ilungu, na kwa wingi malungu. Lakini kilichotoka humo hakikuwa bado chuma cha kufulia jembe. Kilipelekwa katika tanuri la pili, dogo, lenye kuvukutwa kwa mivukuto, nalo liliitwa kintengwe. Kazi ya pili ilikuwa kukitakasa kile kilichopatikana katika kazi ya kwanza.

Mtu wa mbali angeweza kuyaita yote mawili 'tanuri', na kazi zote mbili 'kuyeyusha'. Wenye kazi hawakufanya hivyo, kwa kuwa walijua kwamba anayekipeleka chuma cha ilungu moja kwa moja kwa mhunzi atapata jembe bovu. Palipo na matendo mawili, wao waliweka majina mawili. Hilo ndilo tunalolidai kwa gari.

9. Kuzimwa na kuzimika

Twamalizia hoja kwa jambo ambalo Kiswahili kinalo ndani yake, bila kulikopa popote. Fomu za matengenezo ya magari huwa na nafasi ya kuandika kazi iliyofanyika, na mara nyingi huandikwa: 'Taa imezimwa.' Ofisa husaini, malipo hufanyika.

Mwalimu wa sarufi atatuambia kwamba kuzimwa kuna mtendaji: mtu ameizima. Kuzimika ni hali: taa imefikia kuzimika, kwa kuwa sababu ya kuwaka imekoma. Kauli hizi mbili hutenganishwa na silabi moja tu, lakini kwa gari la Muze tofauti yake ni kubwa. Taa iliyozimwa inatudai swali: nani ameizima, na kwa njia gani? Kwa kufuta misimbo? Kwa kuondoa balbu? Kwa kuiziba kwa utepe mweusi? Taa iliyozimika yenyewe baada ya hitilafu kuondolewa, na isiwake tena katika safari ya kuthibitisha, ndiyo inayostahili saini.

Kwa hiyo tunawashauri watumishi wanaotayarisha fomu hizo wasiulize habari za taa peke yake. Waweke nafasi nne: msimbo uliosomwa, chanzo kilichopatikana, hitilafu iliyoondolewa, umbali uliothibitishwa. Fomu ya namna hiyo haigharimu karatasi zaidi, na inamlinda fundi mwaminifu dhidi ya yule mwenye haraka.

10. Istilahi zinazopendekezwa

Kidhibiti mtelezo: mfumo wa gari unaozuia magurudumu yanayosukumwa na injini yasizunguke bure.

Kihisi-mzunguko: kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu na kuipeleka taarifa kwenye kompyuta ya gari.

Pete ya meno: duara la chuma linalozunguka pamoja na gurudumu mbele ya kihisi-mzunguko.

Taa ya tahadhari: taa ya manjano inayoarifu kwamba kuna jambo la kuangaliwa.

Taa ya hatari: taa nyekundu inayomtaka dereva asimame mara iwezekanavyo kwa usalama.

Kupepesa: kwa taa, kuwaka na kuzimika kwa vipindi vifupi ili kuarifu kwamba mfumo unafanya kazi.

Msimbo wa hitilafu: alama ya herufi na tarakimu inayoelekeza eneo la hitilafu.

Kisoma-misimbo: chombo cha kusomea na kufutia misimbo ya hitilafu.

Utambuzi wa hitilafu: kukagua, kusoma, kupima na kuthibitisha hadi chanzo kijulikane.

Kurudisha mfumo: kuufanya ufanye kazi tena baada ya kusimamishwa kwa kitufe.

Kufuta misimbo: kuondoa misimbo katika kumbukumbu ya kompyuta, hakuondoi hitilafu.

Kusawazisha sifuri: kuifundisha kompyuta mahali pa kuanzia pa kihisi.

11. Hitimisho

Mapendekezo haya yako mbele ya wasomaji ili yajadiliwe. Walimu wa ufundi wayajaribu darasani. Wafasiri wayapime katika vitabu vya maelezo. Watumishi wayatazame katika fomu zao. Kama kuna fundi wa Laela, Namanyere au Matai mwenye neno bora kuliko kidhibiti mtelezo, tungependa kulisikia, nasi hatutalikataa kwa sababu tu limetoka chini ya gari badala ya kutoka katika kamusi. Jambo ambalo hatutakuwa tayari kuliacha ni moja: matendo matatu yabaki na majina matatu. Neno linalomfanya mtu aamini kwamba kazi imekwisha wakati haijaanza halifai kusanifiwa, hata likiwa fupi na tamu kiasi gani.